Taa ya Nyuma ya Baiskeli

Tanuru la makaa likishafukiwa udongo hukaa kama kaburi refu linalotoa moshi. Kila mtu wa kwetu, kusini mwa Kitui, aliyechoma makaa miaka ile ya njaa anajua. Unapanga magogo, unafunika na nyasi, unafukia udongo mzito, unawasha upande mmoja, halafu unangoja siku tano au sita mpaka moshi uwe mwembamba. Ukiwa mweupe na mzito, hukanyagi juu. Hata mtoto wa miaka saba anajua hukanyagi.

Moshi ulikuwa mweupe siku tuliyokanyaga.

Mimi shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo nikikosea kuandika mnivumilie. Majina sitaandika, lakini wenyewe watajijua, na ninataka wajijue.

Wa kwanza ninayemlaumu ni mtu wa lori, wa Sultan Hamud. Alikuja asubuhi, hata hakushuka. Alitoa kichwa dirishani akasema, "Akina mama, lori linapanda kesho. Kama makaa hayako ndani ya gunia nachukua ya wengine." Dada yangu akamwambia tanuru bado siku mbili. Akacheka. "Basi mtakula moshi." Akaondoka.

Wa pili ni shemeji yangu, mume wa dada. Kufukia udongo ilikuwa kazi yake. Alifukia nusu, upande wa juu akaweka mwembamba kama unavyopaka siagi mkate wa mgeni usiyempenda, kwa sababu alikuwa na haraka ya kwenda soko la Mutomo kuonyesha watu baiskeli. Alikuwa ameinunua mwaka huo, nyeusi, ina dainamo, ina taa mbele na taa nyekundu nyuma. Aliipangusa kila asubuhi kabla ya kuosha uso wake. Dada alikuwa akimwambia, "Ungenioa mimi nikiwa na magurudumu mawili ningependwa."

Tulizaliwa wawili tu kwa mama yetu. Yeye mkubwa, mimi mdogo. Yeye aliolewa akazaa watoto wanne. Mimi niliolewa nikarudishwa kwa kukosa mtoto, nikawa naishi kwake, namsaidia kuni na maji.

Basi dada alipanda juu ya tanuru na fimbo, kupima kama makaa yameshika. Alipiga hatua tatu. Ya nne mguu wa kulia ulizama mpaka goti. Hakupiga kelele. Aliniangalia kama mtu aliyesahau anachotaka kusema. Nilikimbia nikapiga magoti pale juu nikamvuta kwapani, na udongo ukabomoka chini yangu pia. Yeye alichomeka mguu wote wa chini. Mimi nilichomeka mguu wa kushoto, kutoka goti mpaka karibu na kifundo. Harufu yake sitaandika.

Aliyetubeba ni mfanyabiashara wa mbuzi, Mwislamu mwenye familia Tseikuru, aliyekuwa akipita na pikapu. Alishusha mbuzi wake wote barabarani, akamwachia mtu asiyemjua, akatulaza kwenye turubai. Njia nzima alikuwa akituambia kupitia dirisha la nyuma, "Mama, sema kitu. Usinyamaze, mama, hata unitukane." Dada akamtukana kidogo. Yule simlaumu kwa lolote.

Hospitali ya misheni ilikuwa safari ya nusu siku. Walituweka vitanda vilivyo karibu, tukawa tunashikana mikono wakati wa kuosha vidonda. Kila asubuhi sista alikuja na beseni la maji ya chumvi yaliyochemshwa, akaosha, akatoa nyama iliyokufa na mkasi mdogo, akafunga upya. Hapo ndipo mtu anajua yeye ni nani. Mimi nililia kila siku. Dada alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya hasira, kama mtu anayefukuza kuku.

Wiki ya tatu shemeji alikuja. Wingu lilikuwa limeanza kuonekana, na baada ya misimu miwili bila mvua hakuna mwanaume aliyekuwa na akili ya kitu kingine. Alisimama kati ya vitanda viwili na kofia mkononi.

"Nyumba haina mtu," akasema.

Sista akamwambia kidonda cha dada hakijafunga, akimtoa ni shauri lake. Akasema shauri lake. Wakampa karatasi akatia sahihi.

"Na huyu?" sista akauliza, akinionyesha.

"Huyu akae," shemeji akasema. "Huyu hana anayemngoja."

Alisema bila ubaya, na ndiyo sababu imekaa ndani yangu kama mwiba wa mgunga. Ilikuwa kweli. Nilibaki hospitali kwa sababu hakuna aliyenihitaji, na kwa sababu hiyo leo ninatembea.

Kidonda changu kilifika mahali kikakataa. Kilikuwa safi, lakini katikati hakikuziba, na maumivu yalikuwa ya ajabu, yanakuja kama moto ule ule umekumbuka njia. Nilikuwa silali. Ndipo wakanipeleka chumba cha mwisho, kwa kijana mmoja wa kazi ya viungo. Wagonjwa walimwita mtu wa mazoezi. Mgeni fulani kutoka ng'ambo alikuwa ameacha pale mashine ndogo, kama redio, yenye waya na kitu kama kalamu nene. Waliiita leza.

Kijana alinivalisha miwani nyeusi, akafungua bandeji, akashika ile kalamu karibu na kidonda. Ikatoa nukta nyekundu. Akaizungusha polepole pembeni, dakika chache hapa, dakika chache pale.

"Washa sasa," nikamwambia.

"Nimewasha kitambo, mama."

"Mbona sisikii kitu?"

"Husikii kitu. Ndivyo ilivyo."

Nilirudi nimekasirika. Kwenye benchi la nje kulikuwa na akina mama wakisuka viondo, na mmoja mzee akaniuliza, "Imekuchoma?"

"Hapana."

"Imekuuma?"

"Hata."

"Basi umedanganywa, mwanangu. Dawa lazima ikutambue."

Tulicheka wote. Lakini siku ya nne au ya tano niliamka na jua limeshaingia wadini, na nikashtuka kwa sababu nilikuwa nimelala. Moto ulikuwa umerudi nyuma. Haukuisha, ulikaa mbali kama mbwa aliyefukuzwa mlangoni. Wiki iliyofuata pembeni mwa kidonda pakatokea mstari wa ngozi mpya, rangi ya ulimi wa mbuzi mchanga. Kila siku mstari ulisogea ndani kidogo. Kijana alikuwa akipima na kipande cha plastiki, akichora, akinionyesha, "Jana hapa. Leo hapa." Nimeona mambo machache mazuri katika maisha yangu. Ule mstari ni mmoja.

Nilirudi nyumbani kwa dada na fimbo ya kutegemea, ngozi imeziba. Mvua haikuwa imenyesha. Wingu lilikuja likaondoka, na dada alikuwa ametolewa hospitali kwa ajili ya shamba ambalo halikuota hata magugu.

Nilimkuta amekaa nje ya jiko, mguu umefungwa na kitambaa cha kanga. Alikuwa amekonda. Aliniona natembea akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Wewe! Wamekuwekea mguu wa nani?"

Nilimwonyesha. Watoto walikuja, majirani walikuja, shemeji akaja akainama akaangalia ngozi yangu kama mtu anayenunua ng'ombe. Na mimi, niliyekuwa nimekaa miaka kadhaa katika boma lile nikiwa mtu wa kuchota maji, siku hiyo nilikuwa na kitu cha kusimulia. Nilisimulia. Nilisimulia miwani nyeusi. Nilisimulia kalamu inayotoa nukta. Nilisimulia vile haichomi na haiumi, na vile usingizi ulirudi.

"Mwanga wenyewe unakaaje?" shemeji akauliza.

"Mwekundu."

"Mwekundu namna gani?"

Nikatafuta mfano. Baiskeli ilikuwa imeegemea ghala, pale pale mbele ya macho yangu.

"Kama hiyo taa yako ya nyuma," nikasema.

Mungu anisamehe. Nilisimulia taa. Maji ya chumvi sikusimulia. Beseni la kila asubuhi, mkasi mdogo, sista akiosha kabla sijavuka ule mlango, hayo sikuyataja hata mara moja. Yalikuwa kazi ya kawaida, na nani husimulia kuosha?

Kesho yake nilimwambia shemeji ampeleke dada hospitali. Akasema atampeleka, ngoja kwanza. Alikuwa akifikiria. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba na aliamini kila kitu kina siri moja, ukishaijua umemaliza. Mchana akageuza baiskeli ndani ya ghala, kiti chini, magurudumu juu. Akafungua taa ya nyuma kutoka kwa madigadi, akaunga waya ili ifike mbali. Ghala halikuwa na dirisha, mlango ukifungwa ni giza hata saa nane. Akatandika ngozi ya ng'ombe, dada akalala, mguu ukanyooshwa.

"Shemeji, njoo ushike," akaniita. "Wewe ndiye umeona vile wanafanya."

Nikashika. Nilifungua kitambaa kama nilivyofunguliwa. Akazungusha pedali na mkono, dainamo ikalia, taa ikawaka nyekundu juu ya kidonda cha dada yangu. Ilikuwa nyekundu ile ile. Nawaapia, kwa macho yangu ilikuwa ile ile.

Tulifanya hivyo kila siku alasiri. Shemeji alizungusha mpaka shati likaloa. Kidonda tulikiacha wazi muda mrefu ili mwanga uingie vizuri, pale kwenye ghala lenye vumbi la mahindi yaliyoliwa na wadudu. Majirani walichungulia, na wanawake wa kanisa wakamsifu. "Mwanaume gani huyo, anaendesha baiskeli ya mgonjwa!" Walikuwa wakiwaambia waume zao waje wajifunze.

Dada alimtania. Akilala pale gizani aliuliza, "Leo umefika wapi?"

Shemeji alikuwa akijifanya ameanzia Sultan Hamud. "Nimepita Emali," akasema siku ya kwanza.

"Endesha, mzee. Mpaka Mombasa uniletee samaki."

Siku nyingine alikuwa Makindu. Siku nyingine Kibwezi, akalalamika jua ni kali, na dada akacheka hadi akashika tumbo. Akimaliza alimuuliza, "Imepungua?" na dada akajibu, "Imepungua. Nasikia joto linaingia mpaka kwa mfupa." Shemeji alitoka nje akitembea kama mchungaji aliyehubiri vizuri.

Nilimwamini dada kwa siku kama kumi. Halafu asubuhi moja nilikuwa namsaidia kubadilisha kitambaa, na harufu ikanipiga. Nilimwangalia usoni. Macho yalikuwa makubwa, ya homa.

"Haisaidii, sivyo?" nikamuuliza.

"Haisaidii kitu."

"Kwa nini unamwambia imepungua?"

Alichukua muda kufunga kile kitambaa. Kisha akasema polepole, nisije nikafikiri ni mzaha, "Miaka kumi na nne nimeolewa, hajawahi kukaa na mimi mchana. Hata siku moja. Usimwambie."

"Tutakwenda hospitali."

"Tutakwenda. Acha afike Voi. Amesema Jumamosi atafika Voi."

Sikumwambia. Ningeweza kwenda barabarani siku hiyo hiyo nikasimamisha gari lolote. Ningeweza kumfuata shemeji shambani nikamtupia ukweli usoni. Nilikuwa na hasira naye ya kutosha. Lakini dada aliniomba, na katika maisha yake alikuwa ameniomba vitu vichache kuliko nilivyomwomba mimi. Nilingoja Jumamosi. Watu wakiuliza wa tatu ni nani, wa tatu ni mimi.

Ijumaa hakuamka vizuri. Alikuwa akitetemeka juani. Mguu ulikuwa umevimba mpaka pajani, na mistari myekundu inapanda. Shemeji aliona, na uso wake ukawa mweupe kama jivu. Alitaka kumbeba kwa baiskeli, na baiskeli ilikuwa imegeuzwa, haina taa, mnyororo umetoka. Tulimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani tukapata gari la mchanga.

Kwenye gari dada alifungua macho mara moja akamwona mumewe.

"Umefika wapi?"

"Voi," shemeji akasema. "Nimefika Voi."

"Siku moja mapema," akasema. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyosikia vizuri.

Hospitali walisema mguu utakatwa, wakatia dripu, wakatafuta damu. Nilikwenda chumba cha mwisho nikamkuta kijana wa leza. Nilimwambia yote, baiskeli, ghala, kila kitu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alivuta kiti akanikalisha.

Aliniambia mwanga wa taa ya kawaida ni kama watu wakitoka sokoni, kila mtu na njia yake. Wa mashine yake ni kama watu waliopanga mstari, rangi moja, hatua moja, wanakwenda mahali pamoja, na ndiyo maana unaingia ndani ya nyama na kuiamsha ijijenge. Rangi kufanana si kitu, akasema. Kisha akauliza, "Lakini hata huu wangu, mama, nikiuangaza juu ya usaha, ni kazi bure. Unasaidia kidonda kisafi. Nani alikuwa anaosha?"

Nilianza tena kumweleza habari ya waya na pedali.

"Mama, nani alikuwa anaosha kidonda?"

Dada alikufa siku ya tatu, asubuhi, kabla hawajamkata. Tulimzika Jumatano karibu na ghala. Kaburi lake lilikuwa na udongo mwekundu, jipya, na sikuweza kuliangalia kwa sababu ya vile linafanana na tanuru.

Shemeji hakuniambia neno na mimi sikumwambia. Nilichukua nguo zangu nikaenda Sultan Hamud, nikaanza kuuza nyanya na vitunguu kando ya barabara. Yule mtu wa lori nilimwona mara nyingi akinunua chai. Hakunikumbuka. Mara moja alichagua nyanya zangu, akaniita mama, akasema nimezipanga vizuri. Nilimuuzia.

Miaka ikaenda. Mguu wangu ni mzuri, lakini mwezi wa Julai baridi ikiingia kovu hukaza na maumivu ya zamani hurudi. Miaka ya tisini kliniki moja ndogo upande wetu wa Makueni ikapata mashine, mpya zaidi, na mtu wa viungo anayekuja mara mbili kwa wiki. Nikawa naenda. Mara nne, tano, na ninapata nafuu ya msimu mzima. Wanaosema ni uongo waje waniulize. Nawaambia pia isichoweza kufanya, hata wasipouliza.

Siku moja nilifika nikamkuta shemeji kwenye benchi.

Alikuwa amezeeka vibaya, amepinda. Alikuwa amekuja kukaa kwa binti yake mkubwa, pale Emali.

"Shemeji," akasema.

"Shemeji. Bado uko."

"Mimi niko. Mgongo ndio hauko."

Nilikaa mwisho wa benchi. Kati yetu kungekaa watu watatu. Nilikuwa na maneno yangu, nilikuwa nimeyabeba miaka hiyo yote, nimeyapanga kama nyanya.

"Hiyo taa yao," akauliza bila kuniangalia, "inauma?"

"Haiumi."

"Ile yetu haikumponya. Najua. Lakini angalau ilimpunguzia maumivu. Alikuwa akisema kila siku."

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa akisema."

Akaitwa. Aliingia akishika ukuta. Alipotoka, baada ya dakika kama kumi na tano, alikuwa bado na alama za miwani puani, na uso wa mtu aliyepotea njia. Hakwenda mlangoni. Alikuja akasimama mbele yangu.

"Sikusikia kitu," akasema.

"Hakuna anayesikia."

"Yeye alisema anasikia joto. Mpaka kwa mfupa."

Niliinama nikafunga kiatu.

"Shemeji. Alikuwa ananidanganya?"

Maneno yangu yote yalikuwa pale, na hata moja halikufaa. Mtu huyu alifukia udongo mwembamba. Mtu huyu alitia sahihi. Nilimwangalia mikono, na kwenye kiganja cha kulia sugu ya pedali ilikuwa bado ipo, au labda ilikuwa ya jembe.

"Alitaka ukae," nikasema.

Alishuka polepole kwenye benchi, mgongo ukimkatalia. Nikaitwa mimi. Nililala, nikavaa miwani, ile nukta ikazunguka kovu langu, na kama kawaida sikusikia kitu. Nilipotoka alikuwa bado pale pale, mikono magotini, watu wakimpita.

Sijamsamehe, na kama anasoma hapa ajue. Mguu haukuwa unauma. Ningeweza kutembea moja kwa moja mpaka barabarani. Niliketi, safari hii karibu, na tukakaa hapo, mchana, mpaka wakafunga kliniki.